Kiyoyozi kikivuja ndani, tazama kwanza bomba la nje

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MGENI anayeingia Ifakara mwezi Machi, mvua za masika zinapoanza, huipokea hewa ya Bonde la Kilombero kwa mwili mzima. Shati hunata mgongoni kabla hajamaliza kushusha mizigo. Mji huu wa Mkoa wa Morogoro umekaa katika tambarare iliyo chini ya meta 300 kutoka usawa wa bahari, safu za Udzungwa zikiwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande mwingine. Katikati unapita Mto Kilombero na mbuga zake za maji, eneo ambalo tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya ardhi oevu zinazolindwa kwa Mkataba wa Ramsar.

Maji hayo yote, pamoja na mashamba ya mpunga yanayolizunguka bonde, huipa hewa ya hapa unyevu mwingi. Ndiyo maana kiyoyozi, ambacho zamani kilionekana kuwa pambo la ofisi za wakubwa, leo kinakutwa katika nyumba za kulala wageni, maduka ya dawa, ofisi, maabara na vyumba vya kulala vya wenye uwezo wa kumudu bili ya umeme.

Lakini pamoja na kiyoyozi huja kero ambayo wengi wameizoea bila kuielewa. Siku moja mwenye chumba huamka na kukuta maji yanachuruzika ukutani, godoro limelowa upande mmoja, au kompyuta imepigwa na matone usiku kucha. Huita fundi. Fundi hutazama juu, hutikisa kichwa na kutamka neno moja: gesi. Gesi hujazwa, fedha hulipwa, na baada ya siku tatu maji huanza kudondoka tena.

Katika hali nyingi kama hiyo, tatizo si gesi. Ni bomba dogo la plastiki, lenye unene wa kidole gumba hivi, linalotoka nyuma ya mtambo, likapenya ukuta na kuishia nje. Bomba hilo likiziba, maji ambayo yangetoka nje hutokea ndani. Mwenye nyumba anaweza kuligundua tatizo hilo mwenyewe ndani ya saa moja, na mara nyingi akaliondoa bila kulipa hata senti.

Maji hayo yanatoka wapi?

Wapo wanaodhani kwamba maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi ni maji yaliyowekwa ndani ya mtambo, kama yale ya rejeta ya gari. Si hivyo. Kiyoyozi cha kawaida hakiwekewi maji. Maji hayo yalikuwa ndani ya chumba tangu mwanzo, yakiwa mvuke usioonekana.

Kila aliyewahi kuweka chupa ya soda baridi mezani ameliona jambo hili. Baada ya dakika chache chupa hutoka jasho, na meza hulowa. Soda haijavuja. Hewa iliyoigusa chupa imepoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Kinachozidi hugeuka matone.

Vipimo vya wanasayansi vinaeleza tofauti hiyo vizuri. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 za Selsiasi, ikiwa imejaa mvuke kabisa, hubeba takriban gramu 30 za maji. Hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 10 hubakiwa na uwezo wa kubeba takriban gramu 9 tu. Nyingine zote lazima ziachwe mahali fulani. Ndani ya kiyoyozi, mahali hapo ni koili: mirija ya shaba iliyozungukwa na mapezi membamba ya aluminiamu, ambayo hupozwa na gesi inayopita ndani yake.

Katika mji wenye hewa nzito kama Ifakara, kiyoyozi cha ukutani cha chumba cha kawaida kinaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa wakati wa unyevu mkali. Kikiwashwa usiku mzima, ndoo ya lita 10 inaweza kujaa kabla ya alfajiri. Hayo ndiyo maji ambayo bomba likiziba hukosa pa kwenda.

Tena, kutoa maji si dosari ya mtambo huu, bali ndiyo kazi iliyosababisha ukabuniwa. Mwaka 1902, mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alichora mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Unyevu wa kiangazi ulikuwa ukiyafanya makaratasi yatanuke na kusinyaa, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Shabaha yake kubwa ilikuwa kuudhibiti unyevu. Ubaridi ulikuja pamoja na kazi hiyo.

Safari ya tone moja

Kujua njia ya maji ni nusu ya kuupata ugonjwa. Tone likishatokea kwenye koili huteremka hadi kwenye trei nyembamba iliyo chini yake. Trei hiyo ina tundu upande mmoja. Kutoka hapo maji huingia katika mpira laini wenye mikunjo, ambao huungwa na bomba la plastiki linalotoboa ukuta na kutokea nje.

Katika viyoyozi vingi vya ukutani hakuna pampu wala kifaa kingine cha kuyasukuma maji. Yanakwenda kwa mteremko peke yake. Kwa hiyo bomba linapaswa kuinama kuelekea nje kwa angalau sentimeta moja katika kila meta moja ya urefu wake. Likilala sawa, likipinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo, au likipanda hata kidogo, maji hutuama. Na maji yaliyotuama ndiyo kitalu cha uchafu.

Nini huziba?

Kizibo cha kwanza ni ute. Hewa ya chumba hubeba vumbi, nyuzi za nguo, ngozi iliyokufa na vimelea visivyoonekana kwa macho. Kinachopita kwenye chujio hunasa kwenye koili yenye majimaji, huoshwa hadi kwenye trei, na huko, katika giza na unyevu, kuvu na bakteria hustawi. Matokeo yake ni utando wenye utelezi, mweusi au wa kahawia, unaoteleza taratibu hadi kwenye mpira na kujaza mikunjo yake.

Kizibo cha pili ni vumbi la mazingira. Ifakara ni mji wa mpunga. Mashine za kukoboa hutoa pumba na vumbi laini, na mitaa isiyo na lami hutoa vumbi lake wakati wa kiangazi. Chumba kilicho jirani na mashine ya kukoboa huchafua chujio upesi kuliko maelekezo ya kiwandani yanavyodhani.

Kizibo cha tatu huingia kwa nje. Nyigu wanaojenga viota vya udongo hupenda tundu lililo tayari, na mdomo wa bomba lililokaa wiki kadhaa bila kutoa maji huwafaa sana. Sisimizi, buibui na mijusi wadogo nao huingia humo. Ndiyo sababu kiyoyozi kilichozimwa miezi ya Juni na Julai, hewa inapokuwa na ubaridi kidogo, huweza kuanza kuvuja siku ya kwanza kinapowashwa Oktoba.

Kizibo cha nne ni kazi ya mikono yetu. Bomba hukanyagwa, hukunjwa na mlango wa chuma, hupigwa plasta wakati wa ukarabati, au mdomo wake huzamishwa ndani ya dumu lililojaa maji. Mdomo ukizama, hewa hukosa pa kutokea na maji husita njiani hata kama bomba lenyewe ni safi.

Jinsi ya kuutambua ugonjwa

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Siku yenye joto na unyevu, washa kiyoyozi katika hali ya kupoza, funga madirisha, na subiri kati ya nusu saa na saa moja. Kisha toka nje ukaangalie mdomo wa bomba.

Kama ndani panavuja na nje hapatoki hata tone, bomba au trei imeziba. Huhitaji kutafuta zaidi, wala hujafika mahali pa kuzungumzia gesi.

Kama nje maji yanatoka vizuri na ndani bado panavuja, sababu ni nyingine. Huenda mtambo umekaa upande, ukiinama mbali na tundu la kutolea maji. Weka pima maji juu yake na utaona. Huenda trei imepasuka. Au huenda mirija ya shaba inayopita ukutani imevuliwa sponji yake, ikawa inatoka jasho kama ile chupa ya soda.

Kama maji hudondoka kwa wingi baada ya kuzima, na upepo unaotoka ni hafifu, shuku barafu. Chujio likijaa vumbi, au gesi ikipungua kweli, koili hupoa kupita kiasi na kushika barafu. Ukizima, barafu huyeyuka kwa mkupuo na maji mengine hurukia nje ya trei. Hapa, safisha chujio kwanza. Barafu ikirudi ilhali chujio ni safi, hapo ndipo hoja ya fundi kuhusu gesi inapopata uzito.

Na kama ndani na nje pote ni pakavu, na chumba hakipoi, basi tatizo haliko kwenye bomba. Kipimo hiki, hata hivyo, kifanywe siku yenye unyevu, kwa sababu katika siku kavu na za baridi mtambo mzima huweza kutoa maji kidogo mno.

Historia ya mgonjwa nayo husaidia. Kiyoyozi kilichovuja tangu siku kilipofungwa kina kasoro ya ufungaji, kama vile mteremko mbaya au mtambo uliokaa upande. Kilichofanya kazi miaka miwili bila tone kisha kikaanza kuvuja, yaelekea kimeziba.

Kipimo cha pili huthibitisha kile cha kwanza. Zima umeme wa kiyoyozi kwenye swichi yake ya ukutani au kwenye saketi breka; kuzima kwa rimoti pekee hakutoshi. Panda juu ya ngazi imara, fungua kifuniko cha mbele, toa machujio, kisha mimina maji taratibu juu ya koili, kwa chupa ndogo, hadi nusu lita. Jihadhari na upande wenye nyaya, ambao katika viyoyozi vingi vya ukutani uko kulia kwa anayekitazama. Mtu mwingine asimame nje. Bomba zima likiwa wazi, maji yatatokea nje baada ya muda mfupi. Likiwa limeziba, yatapanda kwenye trei na kuanza kuchungulia chini. Hapo acha kumimina.

Namna ya kuzibua

Umeme ukiwa bado umezimwa, anza na mdomo wa nje. Ondoa udongo wa nyigu kwa kijiti au bisibisi, taratibu, ukiuvuta nje badala ya kuusukuma ndani. Mara nyingine kazi huishia hapo: maji meusi hufoka na kumlowesha aliyeinama mbele yake. Simama pembeni.

Yasipofoka, njia bora ni kuvuta kutoka nje. Mashine ya kufyonza yenye uwezo wa kuvuta maji, kama zile zinazotumiwa kuoshea magari na mazulia, huunganishwa na mdomo wa bomba, na mwanya kati yao huzibwa kwa kitambaa kilicholowa. Iwashwe kwa dakika moja au mbili. Kwa kuwa inavuta kuelekea nje, uchafu haurudi ndani ya chumba. Mashine ya kawaida ya vumbi isitumike, kwani maji huiharibu na huweza kumletea mtumiaji hatari ya umeme.

Asiye na mashine hiyo anaweza kutumia kifaa ambacho Ifakara, mji wa baiskeli, hakikosekani: pampu ya mkono. Lakini pampu husukuma, haivuti. Ukiitumia kutoka nje unarudisha uchafu kwenye trei, hivyo tandika nailoni chini ya mtambo, funika kitanda na vyombo, na usukume kwa mapigo mafupi. Baada ya kila mapigo kadhaa, mimina maji kidogo ndani ili yaoshe kilicholegea kuelekea nje. Kompresa ya gereji isitumike kwa nguvu zake zote. Huweza kuachanisha kiungo kilichofichwa ndani ya ukuta, na uvujaji wa hapo hauonekani hadi plasta ianze kubanduka.

Waya mgumu nao ni adui. Hutoboa mpira laini wenye mikunjo, na tundu hilo halizibiki bila kushusha mtambo mzima. Wala usifyonze kwa mdomo, kama baadhi ya mafundi wafanyavyo. Kilichomo ni kuvu na bakteria waliolelewa kwa miezi mingi.

Njia ikishafunguka, ioshe. Mimina lita moja ya maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo. Kisha changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na kikombe kimoja cha maji, mimina kwenye trei, acha kwa nusu saa, na suuza tena kwa maji. Siki hupunguza ute bila kuumiza sana metali.

Hapa lipo onyo la kuzingatia. Asidi ya betri na kostiki soda zisikaribie mtambo huu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hula aluminiamu na shaba ya koili. Na dawa hiyo ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, kosa hilo huweza kumpeleka mtu hospitali.

Malizia kwa kuosha machujio kwa maji na sabuni, kuyakausha kivulini, na kuyarudisha. Rudia kipimo cha nusu lita. Kisha washa umeme, subiri, na utoke nje kutazama. Matone yakianza kudondoka kwa mpangilio, kazi imekwisha.

Uingereza huziba kwa barafu

Ugonjwa wa bomba la maji ya mvuke si wa nchi za joto pekee. Watanzania waishio Uingereza wanaujua kwa sura nyingine. Huko nyumba hupashwa joto na boila za gesi. Tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi za Uingereza zilianza kutaka boila mpya, isipokuwa katika hali maalumu, ziwe za aina inayougeuza mvuke wa moshi kuwa maji ili joto lake lisipotee. Maji hayo, yenye asidi kidogo, hutolewa kwa bomba la plastiki ambalo mara nyingi hupita nje ya nyumba.

Desemba 2010, baridi kali ilipoikumba nchi hiyo, mabomba mengi ya aina hiyo yaliganda na boila zikazima wakati zilipohitajika zaidi. Mwenye nyumba husikia mgugumo, kisha kimya. Tiba ni kumwagia bomba maji ya moto yasiyochemka hadi barafu iyeyuke, halafu kuiwasha boila upya.

Tofauti yake na hali ya Ifakara ina funzo. Boila hujizima yenyewe bomba linapoziba. Viyoyozi vikubwa vya kwenye dari, vyenye pampu, navyo kwa kawaida huwa na boya linalosimamisha mtambo maji yakipanda. Lakini vile vya ukutani, vilivyo vingi majumbani kwetu, kwa kawaida havina mlinzi huyo. Huendelea kupoza na kumwaga. Mlinzi ni mwenye nyumba.

Hasara isiyoonekana

Tone moja halimtishi mtu. Lakini maji yakiingia kwenye ukuta wa tofali za kuchoma hupanda na kushuka ndani yake, rangi huvimba, plasta hubanduka na ukungu mweusi hushika. Kwa mwenye pumu, ukungu huo ni mateso ya kila usiku. Maji yakifuata waya hadi kwenye soketi, hasara huacha kuwa ya rangi na kuwa ya uhai.

Kwa maduka ya dawa, hesabu ni nyingine. Dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzijoto 25 au 30. Mwenye duka anayezima kiyoyozi kwa sababu kinavuja, akisubiri fundi kwa wiki moja mwezi Februari, anaiweka akiba yake yote katika joto ambalo watengenezaji wameikataza.

Ipo pia hoja ya mbu, na haiwezekani kuizungumzia Ifakara bila kuigusa. Mji huu umejulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Kazi iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mbu wa malaria walioko bondeni, hasa aina ya Anopheles funestus, huzaliana zaidi katika madimbwi ya kudumu na kingo za mito zenye majani. Ndoo ya kiyoyozi si nyumba yao ya kawaida.

Lakini ni nyumba nzuri ya Aedes aegypti, mbu anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam katika milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Mbu huyu hutaga katika maji machache yaliyotulia ndani ya vyombo: matairi, makopo, visahani vya maua, na ndoo iliyowekwa chini ya bomba la kiyoyozi. Katika joto la bondeni, yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku kati ya saba na kumi. Ndoo hiyo, basi, imwagwe na kusuguliwa kuta zake angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa mayai hung'ang'ania ukutani hata maji yakimwagwa.

Na kiyoyozi kikishindwa kufanya kazi usiku, wenye nyumba hufungua madirisha. Kama nyavu za dirishani zimechanika na chandarua kimekunjwa kabatini kwa sababu "chumba kina kiyoyozi", mbu wa malaria hawahitaji mwaliko mwingine. Chandarua kibaki kitandani.

Maji hayo yana matumizi?

Wengi huyakusanya. Yanafaa kupigia deki, kumwagilia maua na kuoshea baiskeli. Hayafai kunywewa wala kupikia, ingawa yanaonekana meupe kama ya mvua, kwa sababu yamepita juu ya metali na vumbi na yamelala kwenye trei yenye vimelea. Kwa betri ya gari, nunua maji yaliyosafishwa kwa kazi hiyo. Maji ya kiyoyozi yana chumvi kidogo, lakini uchafu wa koili umo.

Kinga na maswali kwa fundi

Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili au tatu katika miezi ya vumbi. Trei na bomba visuuzwe mara mbili kwa mwaka: kabla ya vuli, yaani Septemba au Oktoba, na kabla ya masika, yaani Februari. Mdomo wa bomba utazame chini, ukae juu ya ardhi kwa sentimeta 10 au 15, na usizame majini. Kipande cha wavu wenye matundu makubwa kidogo huwazuia nyigu. Wavu laini sana hugeuka kizibo chenyewe. Maji yaelekezwe kwenye mtaro au bustani, mbali na msingi wa nyumba.

Fundi bado anahitajika, na fundi mzuri anastahili malipo yake. Kazi ya umeme, gesi, mtambo wa ghorofani, kiyoyozi cha dari chenye pampu, na bomba lililoachana ndani ya ukuta si kazi za mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba aliyekwisha kutazama bomba la nje huzungumza na fundi kwa lugha nyingine.

Fundi akisema gesi imeisha, muulize imetokea wapi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli ya gari. Huzunguka katika mirija iliyofungwa. Ikipungua, lipo tundu, na kujaza bila kuliziba ni kumwaga fedha hewani. Ni kuchafua hewa pia: gesi za zamani kama R22 huharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana zimo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na zile zilizofuata, kama R410A, huchangia ongezeko la joto duniani. Mwombe apime mgandamizo mbele yako kabla ya kujaza. Mwombe pia amimine nusu lita ya maji kwenye koili kabla na baada ya kazi, nawe ukiwa umesimama nje.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye kiyoyozi katika Bonde la Kilombero, methali hiyo igeuzwe kidogo: usipozibua bomba utajenga ukuta. Kabla ya kuchukua simu kumwita fundi, toka nje kwanza. Kama mdomo wa bomba ni mkavu na sakafu ya chumba imelowa, jibu umekwisha kulipata.